Mausi Iliyokwama Kila Alhamisi

Kazi yangu ni kutengeneza vijitabu vya programu za mazishi hapa Kondele, Kisumu. Familia huja Alhamisi jioni na picha, pamoja na wasifu wa marehemu ulioandikwa kwa mkono. Ijumaa asubuhi mwili unatoka mochari kuelekea nyumbani, Siaya au Seme au Homa Bay, na Jumamosi watu wanazika. Kijitabu kisipokuwa tayari kabla ya gari kuondoka, hakina maana tena. Kwa hiyo mausi inapokataa kusonga saa tatu usiku, mjane ameketi kando yako akingoja kuona uso wa mumewe kwenye jalada, moyo unakudunda kwelikweli.

Yangu ilianza kukataa mwezi wa tatu. Ni mausi isiyo na waya, ile yenye risiva ndogo kama ukucha wa kidole gumba inayochomekwa kwenye tundu la USB. Mshale ulikuwa unatembea kwa kurukaruka, unasimama, kisha unatokea pembeni mwa skrini ambako sikuupeleka. Nikibofya, kimya. Nikibofya tena, vinafunguka vitu viwili kwa pamoja. Baada ya muda inapona yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilianza na betri, kama kila mtu. Nikaweka mpya, na kwa kuwa betri nyingi za mitaani si za kuaminika, nikampelekea jirani yangu fundi wa simu aipime kwa mita. "Omera, hii betri haina neno," akaniambia. Ilikuwa imepita volti 1.5, kama inavyotakiwa kwa betri ya AA.

Nikageukia meza. Kaunta yangu ina kioo juu, na chini ya kioo nimelaza karatasi ya bei. Mausi ya siku hizi ina taa na kamera ndogo tumboni. Hupiga picha za sehemu iliyo chini yake mara nyingi sana kwa sekunde na kuzilinganisha, hapo ndipo inapojua umeisukuma upande gani. Kioo kitupu hakiipi cha kulinganisha. Lakini mimi tayari nilikuwa naitumia juu ya pedi. Nikaipindua, nikatoa unywele uliokuwa umenasa kwenye tundu la taa, nikapangusa kwa kitambaa kikavu. Alhamisi iliyofuata ikakwama vilevile.

Halafu binamu yangu aliye Nakuru akanikumbusha kwamba Windows huzima matundu ya USB ili kuokoa umeme. Nikafungua orodha ya vifaa vya kompyuta, nikaingia sehemu ya USB, na kwenye kila kitovu cha USB nikaondoa alama inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa. Hilo ni jambo zuri kufanya ikiwa mausi yako inalala ukiiacha dakika chache, kisha inaamka ukichomoa na kuchomeka tena. Yangu haikuwa inalala. Ilikuwa inakwama nikiwa nimeishika, katikati ya kazi, na hiyo ni dalili tofauti. Ningezisoma dalili vizuri siku ya kwanza, ningeokoa wiki tatu.

Badala yake nilinunua mausi nyingine, shilingi 700. Alhamisi hiyohiyo nayo ikaanza. Nikasema basi ni stima, maana mvua za jioni zilikuwa zimeshika na taa zilikuwa zinafifia mara kwa mara. Nikaazima mausi ya waya kwa jirani, ikafanya kazi usiku mzima bila kusita hata kidogo, nikamrudishia asubuhi. Hapo nikaamua kwamba mausi zote zisizo na waya za bei yangu ni takataka. Niliwaambia hata wateja hivyo, na haikuwa kweli.

Jibu lilikuja kwa mama mmoja wa Ahero aliyekuwa amefiwa na mumewe. Alitaka programu 150, kurasa nane, na picha ya harusi yao kwenye ukurasa wa pili. Sampuli zangu zote, na kazi za miaka iliyopita, nimezihifadhi kwenye diski ya nje ya terabaiti 1. Nilikuwa nimeichomeka na kuanza kuhamisha folda kubwa ya picha za familia huku nikijaribu kuweka picha ya harusi mahali pake. Mshale ukaganda juu ya shela ya bi harusi.

"Mwanangu, imeharibika?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Nivumilie kidogo."

Nikaondoa mkono kwenye mausi, nikabaki naangalia ule mstari wa kijani wa kunakili ukisonga. Asilimia 97, 98, 99. Ulipomalizika tu, nikagusa mausi, mshale ukateleza kama maji.

Nikachomoa diski, mausi ikaenda vizuri. Nikairudisha na kuanza kunakili faili jingine, mshale ukaanza kurukaruka. Nilirudia mara tano, na mara zote tano jibu lilikuwa moja. Hapo ndipo Alhamisi zilipoeleweka: Jumatatu hadi Jumatano nawajazia watu fomu za kodi za KRA na kutoa fotokopi, na diski hukaa kabatini. Siku ya programu ndiyo siku ya diski.

Nikazungusha kompyuta nikaangalia nyuma. Matundu ya mbele yalishalegea zamani, hivyo vitu vyangu vyote viko nyuma. Kibodi na printa vilikuwa vimechukua matundu meusi mawili. Diski ilikuwa kwenye tundu la buluu, na risiva ya mausi kwenye tundu la buluu linalofuata, hata kidole hakipiti katikati yao.

Rangi hiyo ya buluu kwa kawaida ndiyo alama ya USB 3.0, inayopitisha data hadi gigabiti 5 kwa sekunde, wakati USB 2.0 inaishia megabiti 480. Kasi hiyo ina gharama yake. Data inapokimbia hivyo, tundu, waya na hata diski yenyewe hutoa kelele za redio, na sehemu ya kelele hizo huangukia kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo masafa yanayotumiwa na mausi nyingi zisizo na waya. Kampuni ya Intel ililieleza jambo hili waziwazi mwaka 2012 na kushauri risiva iwekwe mbali na matundu hayo. Mausi huongea kwa sauti ndogo ili betri idumu. Ni kama kumnong'oneza mtu aliyesimama kando ya spika ya matanga. Risiva ilikuwa nzima, na mausi zote mbili zilikuwa nzima.

Usiku ule sikuwa na muda wa kusoma hayo. Nilichomoa risiva, nikaibana kwenye tundu moja la mbele kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa ili isitikisike. Mwili wa chuma wa kompyuta ukawa kati yake na diski. Nikarudi kwenye picha ya harusi. Tulimaliza kuchapisha saa sita kasoro, na mama akasoma majina ya wajukuu wote kwa kidole, moja baada ya jingine, kabla ya kukubali nikunje.

Ijumaa nilinunua waya wa kurefusha USB wa mita moja, shilingi 150. Kwa anayeanza kazi kama hii, bado naona mausi ya waya ndiyo bora, na hiyo nayo ikikatakata, angalia kwanza pale waya unapoingia kwenye mausi: ukiupinda hapo na mshale ukazimika na kuwaka, waya umekatika ndani. Mimi kaunta yangu ni nyembamba na wateja hukaa karibu, waya hunasa kwenye viwiko vya watu. Kwa hiyo nimebaki na hii.

Risiva sasa imebandikwa kwa selotepu ukingoni mwa kaunta, kama sentimita 30 kutoka mkono wangu, mbali na diski. Alhamisi iliyopita nilinakili gigabaiti 40 za picha huku nikipanga kurasa kumi na mbili za mwalimu mkuu mstaafu wa Yala, na mshale haukusita.