Siku moja na mikasi ya upasuaji, Kizota

Saa 1 asubuhi. Nafungua karakana mapema kabla upepo wa Dodoma haujaamka. Vumbi likiingia kwenye jiwe la kunolea, mkasi unatoka na mikwaruzo.

Saa 2. Dada muuguzi kaleta mfuko. Mkasi mmoja ncha zake zina rangi ya bluu: kuna aliyeunoa kwa grinda mpaka ukaungua. Napitisha tupa, inang'ata. Chuma kigumu tupa huteleza juu yake. Huu umelegea, kunoa tu hakutasaidia.

"Na hii ritrakta, ya kushikilia kidonda wazi wakati wa upasuaji, fundi, uikaze iwe ngumu. Imejaa mikwaruzo."

Nagusisha sumaku, haishiki.

"Hii sikazi, dada."

Akanitazama kama namkwepea kazi. Ila stenlesi si moja. Mkasi una kaboni ya kutosha, unakazwa kwa moto. Ritrakta hii ina nikeli nyingi, ndiyo maana sumaku haishiki. Uichome, uizamishe kwenye oili, itatoka laini vilevile. Viwandani huikaza ngozi ya juu tu: wanaondoa kwanza utando wa kromiamu unaozuia kaboni kupenya, halafu inakaa kwenye gesi yenye kaboni, chini ya nyuzi 500, hata siku kadhaa. Joto likizidi, kaboni inaikamata kromiamu, na kromiamu ndiyo kinga ya kutu. Nikiifukia kwenye mkaa ndani ya tanuri langu, ingekuwa ngumu kweli, na ingeshika kutu mapema. Nimeing'arisha tu.

Saa 4. Nafungua skrubu ya mkasi, nafunga kila ubapa kwa karatasi ya stenlesi ili hewa moto isiule uso. Tanuri nyuzi 1,020. Hapo naomba umeme usikatike.

Saa 5 na nusu. Koleo, oili, moshi. Ubapa mmoja umepinda kidogo, naunyoosha ungali na uvuguvugu, maana ukipoa kabisa unavunjika kama kioo. Tupa sasa inateleza.

Saa 7. Ugali wa uwele na mlenda. Wakati huo bapa zipo kwenye oveni, nyuzi 180, kwa saa mbili, zipunguze ukorofi wa kuvunjika. Wengi huogopa kwamba otoklevu ya hospitali, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, italegeza makali. Nyuzi 134 hazifiki huko. Adui wa mkasi ni maji ya chumvi yanayoachwa yakaukie kwenye skrubu.

Saa 10. Nimenoa kwa jiwe la maji, polepole, nimefunga skrubu. Jaribio ni shashi iliyolowa: ukate mpaka nchani bila kuvuta uzi. Mara ya kwanza umevuta, nikarudi kwenye jiwe. Mara ya pili umepita. Nampigia dada aje kuchukua.