Tabora hadi Mbala: nikifuata bunduki za babu

Kati ya bunduki za kale ninazokusanya, ninayoithamini kuliko zote ni Mauser ya muundo wa 1871. Ukiisimamisha inanifika karibu na bega, na uzito wake ni kama kilo nne na nusu. Inakula risasi moja tu. Unafyatua, unavuta bolti (komeo linalofunga nyuma ya mtutu), unaiinamisha bunduki ganda lidondoke, unaingiza nyingine kwa mkono. Ubavuni kushoto, karibu na bolti, pamechongwa "I.G.Mod.71" kwa zile herufi za Kijerumani za zamani zenye mikia. Niliinunua mnadani Uingereza, ninakoishi, ambako sheria inamruhusu mtu kuitunza bila leseni kama kitu cha kale, kwa kuwa risasi zake za milimita 11 zilikwisha kuachwa.

Sidai kwamba babu mzaa babu yangu aliishika hii hii. Najua tu kwamba Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, askari wengi Waafrika wa jeshi la Mjerumani kule kwetu Tanganyika walibeba bunduki za muundo huu, na yeye alikuwa mmoja wao. Baruti ya bunduki hii ni ile nyeusi ya kizamani. Kila mlio unatoa wingu zito jeupe, na adui hana haja ya kukutafuta, anaulenga moshi. Ndiyo maana Waingereza walipokimbia Tanga, Novemba mwaka huo, na kuacha nyuma bunduki mpya zisizotoa moshi huo, mamia kwa mamia, kwa askari zile zilikuwa mali kuliko fedha.

Wakusanyaji wenzangu hukazania namba. Namba ya bolti ikilingana na ya mtutu, bei inapanda. Mimi nilitaka kumjua mtu aliyekuwa nyuma ya kitako, na huyo hapatikani mnadani. Nikafunga safari kwenda Tabora, mwezi wa Julai, nikiwa na picha tu kwenye simu.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye pekee aliyebaki katika ukoo anayemkumbuka mzee huyo. Nilimkuta uani chini ya mwembe. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Umekonda, huko hamli?" Baada ya chai na mihogo nikamwonyesha picha. Aliiangalia sana, akakuza kwa vidole, kisha akaniambia nimletee mchi wa kinu.

Akasimama. Mwanamke wa miaka zaidi ya themanini, magoti yanamsumbua, lakini aliuweka mchi ubavuni mwa mguu wa kulia, wima kabisa, kidole gumba kikiwa kimelala juu ya mti. Kisha akauinua kwa mkono mmoja, akaudaka kwa mwingine usawa wa kifua, akautuliza mbele ya uso. Akatoa amri kwa Kijerumani. Matamshi yalikuwa ya Kinyamwezi, lakini amri niliitambua: ya kutoa heshima kwa bunduki. Alisema babu yake aliwapanga wajukuu jioni, wavulana kwa wasichana, kila mmoja na fimbo yake, na aliyekosea alirudia mpaka apatie.

Nimesoma mara nyingi kisa kinachosimuliwa kuhusu mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wake wa zamani malimbikizo ya mshahara. Wengi hawakuwa na cheti. Inasemekana karani alimpa kila mzee ufagio na kumtolea amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Nilikuwa nakichukulia kama hadithi iliyotiwa chumvi. Baada ya kumwona shangazi na ule mchi, nakiamini.

Mzee wetu alifariki kabla ya malipo hayo. Ila kuna maneno aliyoyarudia mpaka shangazi akayashika: "Nilianza na bunduki ya moshi, nikamaliza na ya Mreno. Tukaziweka chini kule juu kwenye baridi, tukashushwa Kasanga kupanda meli."

Kwa asiyezijua bunduki, hayo ni maneno ya mzee tu. Kwangu yalikuwa ratiba ya vita nzima. Bunduki ya moshi ni ile ya 1871. Ya Mreno aliipata wapi? Tarehe 25 Novemba 1917, majeshi ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yakiwa yamebanwa kusini, hayana chakula wala risasi za kutosha, yalivuka Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno pale Ngomano, Msumbiji. Huko walichukua silaha na risasi za kulipatia uhai upya jeshi zima. Kwa hiyo mzee alivuka Ruvuma. Hakuna karatasi ya familia inayosema hivyo, bunduki ndiyo inayosema. Na "kule juu kwenye baridi" ni Mbala, Zambia, ambayo wakati huo ikiitwa Abercorn. Ndiko nilikokwenda.

Basi la Tabora kwenda Mpanda liliondoka alfajiri. Safari ile ni misitu ya miombo na mizinga ya nyuki, saa baada ya saa. Kesho yake, pale Sitalike, abiria wote waliinuka kuwatazama viboko waliojazana mtoni chini ya daraja. Sumbawanga nilifika usiku, baridi kali, nikanunua sweta la mtumba stendi. Asubuhi nikapanda Noah kwenda Matai, kisha mpakani Kasesya. Nikagonga muhuri, nikabadilisha shilingi kwa kwacha, nikavuka.

Mbala ni mji mdogo wa nyanda za juu. Pana jumba la makumbusho la Moto Moto, linalosifika zaidi kwa mbusa, vinyago vya udongo vya unyago wa Wabemba, na kwa hakika ni vya kuvutia, lakini mimi nilikuwa na haraka ya kwenda Ziwa Chila. Hapa mjini, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, Lettow-Vorbeck alisalimu amri mbele ya Jenerali Edwards wa Uingereza akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168, bila kuhesabu wapagazi na wanawake. Mwaka mmoja kamili tangu Ngomano. Bunduki zilizowekwa chini zilihesabiwa: 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Kati ya bunduki za rashasha 37, za Kijerumani zilikuwa saba tu. Jeshi la Mjerumani lilimaliza vita likiwa limeshika silaha za adui zake. Kisha silaha zikatupwa ziwani.

Chila ni ziwa dogo, lina matete pembeni. Mzee mmoja aliyewahi kufanya biashara ya samaki Kasanga alinisalimu kwa Kiswahili kizuri, akanionyesha kwa mkono: "Humo." Nikasimama muda mrefu. Mkusanyaji huumia akifikiria chuma kinavyoliwa na kutu, nami niliumia, siwezi kuficha. Lakini hasira yangu ilikuwa kwa ile hesabu. Bunduki 1,071, hadi moja ya mwisho. Na majina ya wale 1,168? Hao walipelekwa kama mateka kwa meli kutoka Kasanga, kisha kwa treni hadi kambini Tabora, na huko homa ya mafua ya mwaka ule iliwaua wengi. Mzee wetu alipona, akiwa hatua chache kutoka nyumbani.

Jioni nikampigia shangazi kumwambia nimefika. Aliuliza kama nimeiona ya Mreno. Nikamwambia iko chini ya maji. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na bibi yako ulimuuliza nani?"

Sikumwelewa. Ndipo akaniambia kwamba mke wa mzee alikuwa naye njia nzima, Ruvuma kwenda na Mbala kuja, chungu kichwani, na kwamba mtoto wao wa kwanza alizaliwa porini Msumbiji, jeshi likiwa mwendoni. Yote aliyasikia kwa bibi mwenyewe, jikoni, mzee akiwa nje na gwaride lake. Hakuna aliyewahi kuuliza, mimi nikiwa wa kwanza katika hao wasiouliza.

Nilikuwa nimepanga kwenda Dar es Salaam kwa kupitia Tunduma. Asubuhi nikarudi Kasesya, nikashika njia ya Mpanda. Safari hii nimenunua daftari nene.