Usiku wa kungoja beringi

Jumatano, saa 4 usiku. Arusha.

Leo nimezuia gari. Lilipaswa kuondoka saa 12 asubuhi na wageni sita, Ngorongoro kwanza, kisha Serengeti siku nne. Saa 10 alfajiri nilipiga jeki gurudumu la nyuma kushoto, nikalishika juu na chini, nikalitikisa. Likacheza. Kidogo tu, unene wa ukucha. Nikaweka kiganja juu ya springi, nikamwambia kijana alizungushe taratibu. Kila mzunguko kulikuwa na mkwaruzo unapita mle ndani, kama punje ya mchanga inapokukuta kwenye tonge la ugali. Beringi, ile inayolishika gurudumu lizunguke laini, imeanza kuondoka.

Dereva alikuwa ameshapakia maji na mafuta ya akiba. "Fundi, hii inaenda na kurudi," akasema. Ni mtu mzima, njia ya Serengeti anaijua kuliko ninavyoijua gereji yangu, na hasemi ovyo. Nikamjibu, "Kaka, kwenda itaenda." Akanyamaza. Kisha akaanza kushusha madumu.

Kilichofuata sitakiandika chote. Bosi alifika saa 11 na nusu, na maneno aliyonipa mbele ya vijana wangu bado yamenikaa kooni. Hasira yake naielewa. Kibali cha hifadhi kinahesabiwa kwa saa 24, geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, likishafungwa jioni halikufungulii, vyumba vimelipiwa, na huu ni Julai, magari mengine yote yako porini. Maduka yalipofunguliwa nikapata beringi mjini, haikuwa saizi yake. Ya saizi yake imepakiwa kwenye basi la usiku kutoka Dar. Wageni wanalala Arusha usiku wa pili. Gari limelala juu ya stendi, gurudumu liko ukutani.

Usingizi hauji, basi nasoma habari za mwezini. Nimekuwa nikizifuatilia tangu mwaka 2019, India walipokuwa wanarusha chombo chao cha mwezini, Chandrayaan-2, kutoka kituo chao cha roketi cha Sriharikota. Ilikuwa iruke usiku wa kuamkia 15 Julai, na kwa saa za kwetu ilikuwa saa 6 na dakika 21 usiku. Nilikaa na simu kitanda hikihiki nikitazama saa yao ikihesabu kurudi nyuma. Ilipobaki dakika 56 na sekunde 24 ikasimama. Roketi iko jukwaani, taa zote zimeelekezwa kwake, rais wao amekuja kushuhudia, watu hawajalala nchi nzima, halafu tangazo likatoka kwamba kuna hitilafu ya kiufundi na safari imeahirishwa.

Usiku ule nilizima simu kwa hasira. Kesho yake, nikiwa chini ya gari na grisi hadi kwenye viwiko, ndipo nikaanza kumfikiria aliyesema hapana. Simjui. Namwona tu amekaa mbele ya skrini yake, kuna namba moja haikai pake, na nyuma ya mgongo wake yupo rais wa nchi. Angeweza kujiambia kwamba itakwenda tu. Hakujiambia hivyo. Nilitamani kumpa mkono.

Wiki moja baadaye, 22 Julai, ikaruka saa 6 na dakika 13 mchana kwetu. Tuliitazama gereji nzima tumezunguka simu moja, chakula kinapoa.

Kitu ambacho sikukijua kabla ya hapo ni kwamba kuchelewa wiki moja duniani si lazima kuwe kuchelewa wiki moja mwezini. Tarehe ya kutua haikusogezwa wiki nzima, ilibaki mwanzoni mwa Septemba. Walichofanya ni kupunguza siku za kuuzunguka mwezi. Sababu yake ni jua. Mchana wa mwezini ni kama siku 14 zetu, na chombo cha kutua kinategemea jua ili kifanye kazi. Inabidi kifike asubuhi ya kule, kwa sababu kikifika jioni kimeshapoteza siku zake zote za kazi kabla hakijafungua mlango. Kwa hiyo anayepanga safari haanzi na siku ya kuondoka. Anaanza na saa ya kufika, kisha anarudi nyuma hatua kwa hatua hadi jukwaani. Mtu yeyote wa Arusha aliyewahi kupanga safari kwa kuhofia geti kufungwa anaijua hesabu hiyo.

Vikram, chombo chao cha kutua, kilipotea tarehe 7 Septemba kikiwa karibu kabisa na ardhi ya mwezi. Niliumia kama ndugu. Walirudi na Chandrayaan-3, na 23 Agosti 2023 wakatua salama karibu na ncha ya kusini.

Ila habari iliyonigusa kuliko zote ni ya Februari 2024. Kampuni ya Intuitive Machines ya Marekani iliahirisha kurusha Odysseus, chombo chake cha kutua mwezini, tarehe 14 kwa sababu joto la methani, mafuta yake, halikuwa sawa kabla ya kujazwa, ikaruka tarehe 15. Uamuzi mzuri, na nilifurahi kuuona. Lakini kulikuwa na swichi ya usalama ya vipimo vya leza, vile vya kupima umbali kutoka juu hadi ardhini, ambayo ilitakiwa ifunguliwe kwa mkono kabla ya kuruka. Haikufunguliwa. Waligundua chombo kikiwa tayari kinauzunguka mwezi, na huko hakuna wa kupeleka mkono. Kilitua 22 Februari, kikaishia kimelala upande.

Niliposoma hayo niliweka simu chini, nikatoka nje, nikasimama uani muda mrefu.

Mwaka 2016 nilibadilisha tairi la gari lililokuwa linakwenda Manyara. Nati nilizikaza kwanza gari likiwa juu, kama kawaida, ili nikilishusha chini nizimalizie kwa spana kubwa. Nikalishusha. Hapo hapo nikaitwa kwenye gari jingine ambalo wageni wake walikuwa wanalalamika, na niliporudi dereva alikuwa ameshaondoka. Nikajiambia nimeshakaza. Walipita Makuyuni salama, na kabla ya Mto wa Mbu gurudumu likatoka. Dereva alilishikilia gari hadi kwenye majani, halikupinduka. Mama mmoja mgeni alivunjika mkono. Nilikwenda kulileta gari mwenyewe, nikazitafuta nati kando ya lami kwa zaidi ya saa nzima, nikapata moja. Iko kwenye boksi langu la spana hadi leo, chini kabisa, na kila ninapotafuta kitu inagonga bati.

Ndiyo maana alfajiri ya leo sikuwa na la kumjibu bosi zaidi ya kwamba halitoki. Aliniuliza nani atalipa hoteli. Ni swali la haki. Sikuwa na jibu lake.

Sasa nije kwenye gari ninalolipenda kuliko yote, na sijawahi kuligusa wala sitaligusa. Linaitwa VIPER, la NASA, shirika la anga la Marekani, la kutafuta barafu ya maji kwenye ncha ya kusini ya mwezi. Mtu wa gereji akisoma habari zake hawezi kulala. Lina uzito wa zaidi ya kilo 400. Magurudumu manne, na kila moja linakata kona peke yake, kwa hiyo linaweza kwenda ubavu ubavu kama kaa wa baharini, na likizama kwenye vumbi laini lina namna ya kupiga makasia kwa magurudumu likajitoa lenyewe. Mwendo wake wa juu kabisa haufiki kilomita moja kwa saa. Lina drili ya kuchimba mita moja kwenda chini. Na lina taa za mbele! Ni gari la kwanza la kutembea mwezini bila mtu kupangiwa kwenda na taa zake, kwa sababu kule kusini kuna mashimo ambayo jua halijayafikia tangu zamani za zamani, na barafu inatafutwa kwenye giza hilohilo.

Safari yake ilipangwa mwishoni mwa 2023. Ikasogezwa hadi Novemba 2024, ili Griffin, chombo cha kutua kilichopangiwa kulibeba wakati huo, kifanyiwe majaribio zaidi ya injini ardhini. Kuahirisha huko nilikuunga mkono kwa moyo wote, japo hakuna aliyeniuliza. Ikasogezwa tena hadi Septemba 2025. Kisha 17 Julai 2024 NASA wakatangaza kwamba wanaifuta. Gharama zimepanda, vipuri vimechelewa, mbebaji naye amechelewa. Gari lilikuwa limeshaundwa lote. Dola karibu milioni 450 zilikuwa zimeshatumika, na mpango ukawa kulivunja ili vyombo vyake viende kwenye safari nyingine. Yaani gari zima, jipya, halijawahi kukanyaga vumbi, ling'olewe spea.

Hapo ndipo nilipotofautisha mambo mawili ambayo nilikuwa nayaita jina moja. Aliyesimamisha saa kule Sriharikota alikuwa analitunza lile roketi. Kuifuta VIPER kulikuwa ni kuliacha gari lililo tayari kwa sababu anayelibeba hayuko tayari na mfuko umechoka. Kwenye karatasi yote mawili yanaonekana kama safari ambayo haikufanyika siku hiyo. Kwa aliyelifunga bolti moja moja ni mbali kama mbingu na ardhi. Nawafikiria mafundi wale. Baada ya tangazo waliendelea na kazi yao, wakalipitisha gari kwenye majaribio ya joto kali, baridi kali na utupu, likafaulu. Hakukuwa na safari, na bado walilipima kana kwamba linaondoka kesho.

Septemba 2025 habari njema ikaja: kampuni ya Blue Origin ya Marekani wamepewa kazi ya kulibeba kwa chombo chao cha Blue Moon, mwishoni mwa 2027. Nilimpigia kijana wangu simu usiku kumwambia. Akaniuliza kama ni gari la mteja gani.

Kule kusini nako majira ni shida yake nyingine. Mhimili wa mwezi umeinama kidogo sana, nyuzi 1.5 tu, wakati wa dunia ni zaidi ya 23, kwa hiyo nchani jua halipandi, linatambaa pembeni mwa upeo na kutupa vivuli virefu. Hata kilima cha kawaida kinaweza kuliziba. Wanaopanga njia ya VIPER inawabidi wajue kila kivuli kitakuwa wapi kila saa, na gari liwe limeegeshwa mahali palipoinuka giza likija, lisije likaishiwa betri na kuganda. Ukikosa majira ya kiangazi cha kule unangoja mengine. Kwa hiyo mwishoni mwa 2027 si tarehe ya kupendeza tu kwenye kalenda. Nimeiandika ukutani gereji, kwa chaki, juu ya ratiba ya kubadilisha oili. Bosi ameiona na hajauliza.

Grisi nimeshaiweka tayari kwenye kopo safi, nimelifunika na kitambaa. Habu, kitovu cha gurudumu, nimeiosha kwa petroli, nikaifuta mara tatu. Nati ziko kwenye sahani, nimezihesabu.

Sasa ni saa 5 na robo. Dereva ameniandikia: "Fundi, kondakta anasema wamepita Korogwe. Saa 10 niko stendi naipokea mwenyewe, wewe lala."

Nitakwenda.