Madoa ya ndizi choma juu ya herufi

"Baba, mbona herufi zina upele?"

Hivyo ndivyo mama alivyonijibu nilipompelekea simu aone kazi ya kwanza. Mama huyu anachoma ndizi hapa Majengo, Moshi, hatua chache kutoka kibanda changu cha kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Alikuwa ameniagiza bango la futi 6 kwa 3, maneno mawili tu: NDIZI CHOMA. Ila alitaka herufi "za katuni", zilizovimba, zinazochekesha, kama zile za kwenye paketi za biskuti za watoto. Bei tulishamalizana, na sehemu ya malipo nilishaila kwa ndizi na mishikaki. Kurudi nyuma hakukuwepo.

Upele aliouona ndio sisi tunaouita teksha, ule ukwaru unaofanya herufi ionekane kama kitu cha kushikika badala ya rangi iliyomwagwa. Nilikuwa nimepakua picha ya ukuta wa saruji uliobanduka rangi, nikaitandaza juu ya herufi za njano kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, nikaweka leya yake (tabaka linalokaa juu ya jingine) kwenye modi ya Multiply ili weusi wa ukuta uingie ndani ya njano. Kwenye laptopu yangu niliona nimemaliza kazi. Kwenye simu, mbele ya mama, upele.

Na kweli ulikuwa upele. Herufi ya katuni ina mstari mnene pembeni na rangi tambarare ndani. Picha ya ukuta ina vijivu visivyohesabika, kimoja kinayeyukia kwenye kingine. Ukivichanganya ni sawa na kumvalisha kikaragosi ngozi ya binadamu. Nilishusha kitelezi cha Opacity, kinachofifisha leya, kutoka 100 hadi 40, hadi 25, nikidhani tatizo ni wingi. Wala. Upele uliofifia bado ni upele.

Kilichonifungua macho ni picha ya chui iliyoko ukutani kwa shemeji yangu, mchoro wa Tingatinga wa kawaida, wa aina ile wanayouziwa watalii mjini. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki 1972, na alitumia rangi za mafuta za kung'aa, zile zinazopakwa hata baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Rangi ile huibembelezi ikayeyukiana. Unaweka doa, unaacha likauke. Nimepita mbele ya chui yule miaka mingapi sijui, siku ile nikamwona: hana manyoya hata unywele mmoja. Ana madoa. Na bado unajua ni chui, na unajua ngozi yake ingekuwaje ukiigusa.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa mama, nikaamkia, nikaomba ndizi moja iliyoungua vizuri.

"Ya kula?"

"Ya kupiga picha, mama."

Akaniangalia kwa muda. Akanipa, na akaiandika kwenye daftari la madeni.

Ilikuwa Julai, na wenyeji mnaijua Julai yetu: mawingu yameulalia mji, mlima umejificha, jua hulioni mpaka mchana. Kwa picha ya teksha hakuna hali nzuri kama hiyo, maana hakuna mng'ao wala kivuli kikali. Nikaiweka ndizi juu ya karatasi nyeupe, nikapiga kwa simu kutoka juu moja kwa moja. Alama za wavu, vidoa vya mkaa, michirizi ya kahawia, vyote vikaonekana.

Sasa kazi yenyewe. Picha niliitoa rangi yote ikabaki nyeusi na nyeupe, kisha nikaipitisha kwenye Threshold, kifaa kilichoko kwenye menyu ya rangi. Hiki hakijui kijivu. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inaambiwa ichague: nyeusi au nyeupe. Ukisogeza kitelezi upande mmoja ndizi nzima inakuwa giza, ukisogeza mwingine yanabaki madoa matatu ya kusikitisha. Katikati hapo pana mahali ambapo alama za mkaa zinasimama peke yake, zina kingo kali kama zimekatwa kwa mkasi. Hapo ndipo unaacha. Nikaondoa weupe kwa Color to Alpha, nikabaki na madoa matupu yanayoelea, nikayapaka kahawia nzito. Nyeusi kabisa sikutumia. Juu ya njano inafanana na alama za barabarani.

Herufi nilitumia fonti ya Luckiest Guy, ya bure, nene, herufi kubwa tupu. Lakini fonti ikiachwa ilivyo inakaa kama askari kwenye gwaride. Kila herufi nikaiweka leya yake, nikaiinamisha digrii tatu huku, nne kule, nyingine ikamkanyaga jirani yake mguu kidogo. Kisha kwa zana ya Warp nikavuta tumbo la O likavimba. Angalizo: ukishaigusa leya ya maandishi hivyo, haibadiliki tena kwa kuandika, inakuwa picha. Weka nakala pembeni. Nitarudi kwenye hili kwa uchungu.

Mstari wa pembeni ni rahisi. Bofya leya kwa kitufe cha kulia, chagua Alpha to Selection, halafu kwenye menyu ya Select chagua Grow, mimi niliweka pikseli 40, ukajaze kahawia ile ile kwenye leya mpya iliyo chini. Grow inazungusha pembe kali zikawa duara, jambo linaloudhi kwenye kazi za ofisini lakini kwa katuni ni zawadi. Unene wa herufi nikautoa kwa Long Shadow, kwenda chini kulia. Mjomba wangu, aliyenifundisha kuchora vibao vya maduka kwa brashi nikiwa bado shule, alikuwa akinipiga kofi la kichogo kila nikikosea kivuli: "Jua lako linatoka pande mbili?" Kwa hiyo mwanga juu kushoto, kivuli chini kulia, herufi zote kumi bila ubaguzi.

Mwisho madoa. Nikayakata yafuate umbo la herufi, nikaweka maski, pazia ambalo weupe wake unaonyesha na weusi wake unaficha, yenye mteremko wa weupe kwenda weusi ili yawe mengi chini na yapotee kadiri yanavyopanda. Moto uko chini, si ndiyo? Halafu mtu aliye kwenye bajaji inayokimbia anasoma zaidi nusu ya juu ya herufi, hapo pawe safi. Nikamalizia kwa mipigo michache ya brashi nyeupe yenye ukingo mkali, juu kushoto, ule mng'ao wa katuni.

Kuhusu ukubwa nilijitia ujuaji. Nilikuwa nimesoma kwamba kazi ya kuprinti ni pikseli 300 kwa inchi, basi nikafungua futi 6 kwa 3 kwa kipimo hicho: 21,600 kwa 10,800, yaani pikseli zaidi ya milioni 233 kwa leya moja. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Feni ililia kama inaomba msaada, skrini ikaganda, nikaenda kunywa chai nikarudi ikiwa imeganda vile vile. Bango linasomwa kutoka ng'ambo ya barabara. 100 kwa inchi inatosha, na hiyo ni pikseli milioni 26 tu, sehemu moja ya tisa.

Mama alipoona ya pili alicheka, akamwita binti yake aje aone. Kisha akasema neno ambalo kila mwenye kazi hii analijua.

"Sasa ongezea hapo NA MISHIKAKI."

Nilikuwa nimeshaunganisha leya zote kuwa moja. Nakala ya pembeni niliyowashauri ninyi, mimi sikuwa nayo. Nikaanza upya saa mbili usiku, umeme ukakatika saa tatu, nikamaliza alfajiri. Kwa sasa nahifadhi faili tatu za XCF, zile za GIMP zinazotunza leya zote, kwa kila kazi, hata kwa kadi ya mwaliko.

Bango lilirudi kutoka kwa waprintaji njano ikiwa njano kweli, ila majani ya mgomba niliyoyaweka nyuma, kijani cha kuwaka kwenye skrini, yalikuja kama majani ya juzi. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, mashine inatengeneza kwa wino, na kijani kikali ni miongoni mwa rangi zinazopotea. Mama hakusema kitu, nami sikumkumbusha.

Tulilifunga Ijumaa. Jumatatu napita asubuhi, namkuta kijana wake amepanda juu ya ndoo, ana sponji na sabuni ya kuoshea vyombo, anasugua herufi ya C kwa nguvu zote.

"Bro, hili bango halijamaliza hata wiki," akaniambia bila kugeuka, "masizi yameshaingia na hayatoki."