Jinsi Utoto wa Bweyale Ulivyonifanya Mwandishi wa Watoto

Wengi wanaotamani kuwaandikia watoto huanza na funzo, kisha hutafuta mnyama wa kulibeba. Mimi nilianza na kazi za mikono, kwa kuwa ndizo nilizozikumbuka vizuri zaidi kutoka kijijini kwetu, nje kidogo ya Bweyale, wilayani Kiryandongo, Uganda, kando ya barabara kuu iendayo Gulu. Huko watoto hatukuwa watazamaji. Tulichota maji, tulichunga mbuzi, tulipukuchua mahindi na kuwafukuza tumbili shambani. Na kwa kuwa kijiji kilikuwa na Wanyoro, Waacholi, Walangi, Waalur na watu waliokimbia vita vya Sudan, kila nyumba ilikuwa na lugha yake, lakini ugomvi wa mpira wa majani ya migomba uliamuliwa kwa Kiswahili.

Hiyo ndiyo sababu niliandika kwa Kiswahili. Vitabu vya watoto vya lugha hiyo nilivyovipata Kampala vilitoka Kenya na Tanzania. Ni vizuri, ila wanangu waliviona kama habari za ugenini, zenye minazi na bahari. Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, nilikuwa tayari na daftari lililojaa, na uamuzi huo ulinipa hoja ya kuwaambia walionishauri niandike Kiingereza.

Mapema nilijiwekea sharti moja: sitaandika ninachokitamani mimi mtu mzima, yaani moshi wa jioni na utulivu wa zamani, bali kile ambacho mtoto anafanya na anachotaka kukipata. Mtoto hajui kwamba yumo katika utoto wake. Anajua ana njaa na kwamba kaka yake amemtangulia kichuguuni.

Kitabu cha kwanza, basi, kilihusu kutega kumbikumbi. Wasioijua kazi hiyo hudhani ni kuokota tu. Mvua ikishanyesha, unainamisha vijiti juu ya matundu ya kichuguu na kuvifunika kwa blanketi kuukuu, ukiacha uwazi mmoja upande wenye mwanga; chini ya uwazi huo unachimba shimo dogo na kulisiriba kwa tope ili kuta zake ziteleze. Kisha mnakaa na kugonga vipande vya ubao kwa vijiti, haraka na bila kupumzika, mlio ufanane na matone ya mvua. Kumbikumbi hutoka, hufuata mwanga, na hutumbukia shimoni. Wakikaangwa hawahitaji mafuta, kwani wana yao ya kutosha (na wabichi nao si wabaya, ingawa mama alitukataza). Ndani ya kazi hiyo hadithi ilikuwa imekwishajipanga yenyewe: kuna kungoja, kuna mlio wa kuigiza, kuna mdogo anayechoka kugonga wakati usiofaa kabisa.

Kupunguza maneno ndiko kulikonichukua muda mrefu kuliko yote. Vitabu vya picha hupangwa kwa kurasa zinazogawanyika kwa nane, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa na kukatwa hivyo, na 24 au 32 ndizo hesabu za kawaida. Ukiondoa ukurasa wa jina na ule wa haki za mwandishi, nafasi inabaki finyu. Nilijifunza kipimo kwa kusoma hadithi za mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, ambazo hupatikana bure mtandaoni na zimepangwa kwa ngazi za usomaji. Kila sentensi iliyosimulia jambo ambalo picha ingelionyesha, niliifuta. Mwalimu wa Kiswahili wa shule ya jirani alinisahihishia upatanisho wa ngeli, maana Kiswahili chetu cha sokoni hakina subira na ngeli, lakini alikubali mazungumzo ya watoto yabaki na ladha ya kwetu.

Mchoraji alikuwa kijana wa mjini, mwenye mkono mzuri sana. Nilipeleka michoro yake ya awali kwa watoto wa darasa la pili, nikasoma polepole nikiwatazama nyuso badala ya kuwauliza kama wamependa, kwa kuwa mtoto aliyelelewa vizuri hujibu ndiyo kwa kila mgeni. Msichana mmoja alisogea, akaweka kidole juu ya karatasi.

"Shangazi, mbona hapa hakuna shimo? Kumbikumbi wataingia wapi?"

Darasa zima likaanza kueleza kwa pamoja, kila mmoja akitaja kichuguu cha kwao. Mchoro ulirudi mjini siku hiyohiyo, na nikamwomba kijana yule aje Bweyale msimu wa mvua ajionee. Alikuja, akala, akachora upya.

Yaliyobaki yalikuwa ya kiofisi. Namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, niliipata Maktaba ya Taifa ya Uganda. Uchapaji niliufanya Nasser Road, Kampala, ambako wachapaji wamejaa na bei hujadiliwa kama ya nyanya. Nakala nyingi nimeziuza kwa walimu na kwa wazazi baada ya ibada, si katika maduka ya vitabu.

Sasa niko kwenye kitabu cha kulinda mahindi. Mchoraji anataka mtoto ashike manati, kwa kuwa inapendeza kwenye jalada. Mimi nimekataa: manati ilikuwa ya wavulana wakubwa, na sisi wadogo tulipewa debe bovu na fimbo, tukapiga kelele hadi tumbili wakavuka kijito. Hadithi ni ya mwenye debe.