Vile nilihamisha santuri za baba na vyungu vya mama kutoka Kisumu hadi Mombasa

Nimechoka kuskia watu wakisema santuri na vyombo vya udongo haviwezi kuvuka Kenya vikiwa vizima. Vinaweza! Vyangu vilitoka Migosi kule Kisumu vikafika Mombasa, zaidi ya kilomita 800 za matuta na diversheni, na hakuna santuri iliyopinda wala chungu kilichopata ufa. Nilifika hapo kwa kukataa karibu kila ushauri niliopewa bure, manake nilipopata kazi Mombasa na habari ikaenea kwa ploti, kila mtu akawa mtaalamu wa kufunga mizigo, na wengi wao hawajawahi kuhamisha kitu zaidi ya godoro, meko na sufuria.

Mali yenyewe ni hii. Marehemu baba alikuwa mtu wa muziki na aliacha santuri za benga na rumba. Nyingi ni zile ndogo za inchi 7 ambazo wimbo unaanza upande mmoja na kumalizikia upande wa pili, yani kama unataka kuskia gitaa likichachamaa lazima uamke ugeuze. Kuna na LP, zile santuri kubwa za inchi 12, hizo alinunua polepole kila mshahara ukiruhusu. Mama ana vyungu vyake, dapi ya maji na agulu za kupikia, halafu kabati la vikombe vya wageni ambavyo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuvipangusa. Mimi nimeongezea vinyago vya mawe ya Kisii, nilikuwa nanunua Tabaka kwenyewe, kwa wachongaji. Hivi si vitu vya kuambiwa ati wacha tu, utanunua vingine ukifika.

Ushauri ulionikera kuliko yote ni ule wa kulaza santuri. Binamu yangu alishikilia kwamba LP zilazwe moja juu ya nyingine ndani ya katoni kubwa, na kwa vile alikuwa amekuja kusaidia na mimi nilikuwa nimetoka kidogo, nilirudi nikapata ashajaza katoni la TV mpaka juu, amefunga selotepu, anangoja sifa. Nikamwambia toa. Akasema, "Dada, hii hata gari likipinduka haiguswi." Basi akaita kijana mmoja wa ploti wakaiinua wanionyeshe vile iko imara, wakafika kwa ngazi, sakafu ya katoni ikafunguka yote kwa pamoja. LP zikateremka ngazi moja baada ya nyingine hadi kwa mlango wa jirani. Santuri zenyewe zilipona kwa sababu zilikuwa ndani ya jaketi, ile bahasha ngumu ya santuri, ila jaketi mbili zilipasuka kona na hiyo bado inaniuma kwa sababu moja ina jina la baba kwa peni.

Hesabu yake ni rahisi. LP moja na jaketi lake ni karibu robo kilo, kwa hivyo 100 zinakaribia kilo 25, na katoni la TV lina karatasi nyembamba tu chini. Halafu ukilaza, ile ya chini kabisa inabeba uzito wa zote, na kukiwa na kamchanga kadogo katikati basi gari likitikisika mchanga unasaga saa zote hizo. Santuri zinasimama wima kama vitabu kwa shelfu, zimebanana vya kutosha zisiegemee upande, lakini si kubanwa hadi ukitaka kuchomoa moja unavuta jaketi linachanika. Ikiegemea ndio inapinda. Hayo tu.

Kwa LP nilienda soko la Kibuye kwa mafundi wa mbao. Nilimpa fundi LP moja mkononi nikamwambia nataka maboksi ambayo hii inaingia ikisimama na kidole kimoja kinapita juu yake, urefu usizidi ule mtu mmoja anaweza kubeba kwa mikono miwili bila kuhema. Alitumia mbao za paleti, akapiga randa ndani kwa sababu nilimwambia sitaki hata kibanzi kimoja, akatoboa pembeni akatia kamba za kushikia. Bei ilikuwa ya kuelewana, na ukilinganisha na katoni mpya za dukani haikuwa mbali sana. Na hapa nitajisifu: maboksi hayo yalipofika Mombasa niliyageuza kwa ubavu, moja juu ya jingine, yakawa shelfu. Sikununua shelfu.

Zile ndogo za inchi 7 hazihitaji fundi. Enda kwa mtu wa fotokopi umuombe katoni za karatasi za A4. Ziko na kifuniko chake, ni ngumu, ndogo, na santuri ndogo inasimama humo vizuri ikibaki nafasi kidogo pembeni ambayo unajaza na kadibodi iliyokunjwa. Hakikisha hiyo nafasi imejazwa kweli kweli.

Sasa vikombe. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 kila mtu ukimuuliza ufunge na nini anakwambia gazeti. Gazeti, gazeti, gazeti. Mimi sikubishana na mtu, nilifanya jaribio, na nafikiri ndiyo kitu nilifanya kwa akili zaidi katika hii safari yote. Nilinunua vikombe vya bei ya kutupa Kibuye, vile vimetoka maua, nikachukua katoni mbili zinazofanana. Moja nikafunga vile wanasema, gazeti kwa kila kikombe, gazeti chini na juu. Ya pili kila kikombe nikakivalisha soksi ya mtumba, nikakisimamisha, katikati nikaweka vipande vya kadibodi, chini na juu nikaweka trei za mayai, zile za karatasi. Nikaita kijana wa boda wa steji yetu nikamwambia apeleke katoni zote mbili Ahero na arudi nazo.

"Mwalimu, huko nampea nani?"

Hakuna mtu, fika sokoni, geuka.

"Na kwa matuta nipunguze?"

Nikamwambia usipunguze hata moja kijana yangu, endesha vile unaendeshanga ukiwa hujabeba mtu. Aliniangalia, akaangalia katoni, akaitisha pesa yake kwanza.

Aliporudi, katoni la gazeti nililiskia nikiwa bado kwa mlango. Kufungua, gazeti limebonyea lote limekuwa jembamba, vikombe vimeteremka chini vimepata nafasi ya kugongana, viwili vimekatika mkono na kimoja kimekuwa vipande. La soksi lilikuwa vile vile, hata trei hazikuwa zimebonyea. Gazeti likishabonyea halirudi, lakini soksi inabonyea na kurudi, na hiyo nafasi inayobaki ndiyo inavunja vyombo. Si barabara. Watu wanalaumu barabara ya Ahero bure. Tena gazeti linaacha wino kwa vyombo vyeupe, na kwa vinyago vya mawe inakuwa kazi kutoa. Yule kijana wa boda tulifungua naye, na yeye mwenyewe akaanza kuelezea wenzake kwa steji.

Kuanzia hapo nilikuwa na sheria yangu: kila katoni ikishafungwa natikisa. Ikiongea, nafungua. Sahani nazo zinasimama kwa ukingo, hazilazwi.

Vyungu wengi waliniambia niviache kwa shangazi. Dapi ya mama imepoza maji ya nyumba yetu tangu nikiwa mdogo, sikuwa naiacha. Kwanza unaikausha, na si kukausha kwa kupangusa, udongo unanyonya maji, kwa hivyo iliachwa kivulini siku kadhaa hadi ikawa nyepesi ukiinua. Halafu nikafanya vile mama hufanya akikiweka kichwani, nikasokota ngata kubwa ya majani makavu ya mgomba. Ngata nikaiweka ndani ya tairi kuukuu la gari ndogo, chungu kikakaa juu, pembeni nikashindilia majani zaidi hadi kisizunguke, kisha gunia juu na kamba kupitia kwa tairi. Ndani ya chungu nilitia majani kidogo tu, usishindilie huko ndani, kinaweza kusukumwa kutoka ndani kikapasuka. Tairi lilipatikana bure kwa watu wa pancha. Inapofika kwa tuta, tairi ndilo linaruka.

Vinyago vya mawe ya Kisii watu wanafikiri ni ngumu kwa sababu ni mawe. Hilo jiwe ni laini, ukipitisha ufunguo unaacha mstari, na mahali palipochongwa nyembamba kama shingo ya twiga panakatika haraka sana. Nilianza na kitambaa laini, na pale kwenye uwazi, mfano kati ya mikono ya wale watu waliokumbatiana, nikajaza vitambaa ndani kabla ya kuzungushia nje ili mkono usiwe na mahali pa kupindia. Vikaingia kwa ndoo za rangi za lita 20 zenye vifuniko, kila ndoo ikajazwa maranda. Nimesema maranda, si vumbi la mbao! Fundi alitaka kunipa vumbi. Vumbi likitikiswa linatulia chini, nafasi inafunguka juu na kinyago kinaanza kutembea. Maranda yamejikunja, yanashikana.

Usafiri sasa. Watu wa Kisumu tunaona kila siku malori yakipanda kutoka pwani yamejaa, yakielekea Busia na Uganda, na mengi yakishuka tupu, lakini tukihama tunapigia kampuni za kuhamisha. Moja iliniambia bei iliyokaribia laki. Nikatafuta fuso lililokuwa limeleta mzigo wa madukani na linarudi Mombasa, dereva akasema kama nusu ya hiyo, tukaongea kidogo ikashuka tena, chai ya utingo juu yangu. Kwake ilikuwa pesa ya ziada, angeshuka tupu hata hivyo. Angalia tu bodi ni safi, haikubeba mbolea au samaki.

Upakiaji nilisimamia mwenyewe. Sehemu ya nyuma kabisa, iliyopita tairi za nyuma, ndiyo inaruka zaidi, kwa hivyo huko vilikaa viti na ndoo za nguo. Santuri na vikombe vilikaa mbele karibu na kabini. Utingo alitaka kuweka maboksi ya LP yakigusa bati la ubavuni, nikakataa. Santuri ni plastiki, joto likikaribia nyuzi 60 inaanza kulegea, na bati la lori likipigwa na jua la Voi si mahali pa kuegemeza kitu kama hicho, kwa hivyo magodoro yalisimama kati. Tukaelewana na dereva pia aondoke Kisumu alfajiri, ili sehemu ya Mtito Andei hadi Mariakani aipite usiku. Na kamba zifungwe mbele na nyuma, kwa sababu ukipanda Kericho mzigo unataka kurudi kwa mlango, halafu ukishuka Sachangwan kuelekea Salgaa unataka kuingia kwa kabini.

Pleya ya baba nilisafiri nayo kwa basi, miguuni pangu. Sahani yake inayozunguka nilitoa, kile kizito cha nyuma ya mkono nikatoa, mkono nikaufunga kwa uzi wa pamba, na sindano ikaingia kwa mkoba wangu wa mkononi. Ukiacha mkono ukiwa huru sindano ndiyo inalipa.

Kwa katoni andika namba ubavuni, si juu, kwa sababu zikipangwa hutaona juu, na usiandike kilicho ndani, weka kwa daftari. Picha kwa simu pia.

Kufika Mombasa niliacha maboksi ya santuri ndani ya nyumba usiku mzima kabla ya kufungua, zipoe. Jasho la pwani ndilo lilinipa wasiwasi zaidi ya barabara, manake jaketi ni karatasi na unyevu wa huku unaleta ukungu, kwa hivyo yale maboksi niliyageuza shelfu kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, yakiwa yameinuliwa juu ya matofali na kuacha nafasi nyuma hewa ipite. Dapi iko jikoni ina maji. Binamu yangu alinipigia kuuliza zimefika ngapi nzima, nikamwambia zote, akanyamaza kidogo halafu akaniuliza fundi wa Kibuye anakaa upande gani wa soko, anahamia Kakamega mwezi ujao na ana vitabu vingi.