Jinsi nilivyoacha kufuata mvua katika hisa za KenGen

Mwenzangu mmoja kazini, hapa Iringa, alinishauri kwamba hisa za kampuni ya umeme hununuliwa mvua zinapoanza na kuuzwa mabwawa yakishajaa. Ushauri huo ulinigharimu, na bado hunikera ninaposikia mtu mwingine akipewa. Kwetu huaminika haraka, kwa sababu kila anayelijua bwawa la Mtera amezoea kuona mvua ya Desemba hadi Aprili ikiamua hali ya umeme. Nikanunua hisa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, katika Soko la Hisa la Nairobi mwezi Desemba, na mwezi Mei nikaziuza kwa hasara ya kama laki mbili hivi, ukijumlisha na ada za dalali.

Kosa la kwanza lilikuwa la kalenda. Mabwawa ya mto Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere, hutegemea vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, wala si msimu mmoja mrefu kama wetu. Tena, sehemu kubwa ya umeme wa KenGen hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao haubadiliki kwa masika wala kiangazi, na mikataba yake ya kuuza umeme hulipia pia uwezo wa mitambo iliyo tayari, si uniti peke yake.

Nikachukua kaunta buku jipya, nikachora safu 12 za miezi, na kila mwaka tangu kampuni iingie sokoni 2006 nikaupa mstari wake. Sikuandika shilingi, kwa kuwa bei za miaka ya mwanzo zilikuwa juu mno. Niliandika asilimia ya mabadiliko ya kila mwezi, wino wa kijani kwa kupanda na mwekundu kwa kushuka. Wastani sikuutafuta kabisa. Nilihesabu ni miaka mingapi mwezi fulani ulikuwa wa kijani, maana mwaka mmoja wa ajabu unaweza kuupamba mwezi ambao kwa kawaida hauna lolote.

Kilichonisumbua ni wekundu uliojipanga baada ya daftari la wanahisa kufungwa, yaani siku kampuni inapoamua nani atalipwa gawio, ile sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa. Nilikesha nao siku kadhaa, hadi nilipojaribu kulirudisha gawio kwenye bei ya mwezi ule, na baadhi ya tarakimu nyekundu zikageuka kijani mbele ya macho yangu. Hisa haikuwa imeporomoka. Ilikuwa imetoa fedha ambayo mnunuzi mpya hakuwa na haki nayo.

Sasa nafuata mwaka wa hesabu wa kampuni, unaofungwa tarehe 30 Juni, na hununua kabla watu hawajaanza kuyazungumzia matokeo. Kwa kuwa ununuzi Nairobi hukamilika siku ya tatu ya kazi, anayesubiri hadi mkesha wa kufungwa daftari hulikosa gawio. Kubadilisha shilingi ya Kenya kuwa yetu nako huweza kula faida yote, nami hesabu hiyo nimeitengea safu ya 13.